Mpangaji wa Pafu la Kulia

Treni ya saa nne na robo ilikuwa imechelewa dakika kumi na moja. Mtangazaji wa stesheni alivuta kipaza sauti karibu na mdomo, akabonyeza kitufe chekundu, akaanza kuwaomba radhi abiria. Alipofika kwenye neno "usumbufu" akabanwa na kikohozi. Kikohozi chenyewe hakikutoka. Ilitoka sauti ya kiume, nzito, ya mtu aliyeketi.

"Fungeni hilo dirisha," ilisema. "Upepo unaniingia."

Spika kumi na nne za stesheni ziliipeleka sauti hiyo majukwaani, kwenye ukumbi wa tiketi na chooni. Abiria waliokuwa karibu na madirisha waliyafunga. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka, akafunga la kwake, akaendelea kusinzia. Mtangazaji alimalizia sentensi yake, akaachia kitufe, akanywa maji. Sauti aliitambua mara moja. Ilikuwa ya mumewe, na wakati huo mumewe alikuwa upande wa pili wa mji akikagua mizani za wauza nyama.

Mkuu wa stesheni aliingia bila kubisha hodi. Aliinama akachungulia chini ya meza, akafungua kabati la faili, akalifunga.

"Yuko wapi huyo bwana?"

Mtangazaji akajigonga kifuani kwa vidole viwili. "Yumo humu."

Mkuu wa stesheni alipatazama mahali palipoonyeshwa, kwa adabu, kisha akatazama kanuni zilizobandikwa ukutani. "Kanuni ya tisa inamkataza mtu asiye mfanyakazi kuingia chumba hiki," akasema. "Haijali kapitia wapi." Akamwandikia barua ya onyo, na nyingine ya kwenda hospitali.

Mume huyo alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Wenye maduka walimwita Bwana Gramu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Aliwahi kumfungia mtu duka kwa sababu kilo yake ilipungukiwa na uzito wa punje kumi za maharage. Ofisini kwake kulikuwa na chumba cha mawe ya mizani ya mfano, yaliyofunikwa kwa vioo, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha sigara humo wala kwenye korido. Chembe moja ya jivu ikitua kwenye sahani, vipimo vya mji mzima vinakuwa vya uongo. Kanuni hiyo aliiandika mwenyewe na aliifuata kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo alikuwa akifika nyumbani saa kumi na moja jioni akiwa na hamu ya kutwa nzima. Alivua viatu, akaketi kwenye kochi lake, akaagiza madirisha yafungwe kwa kuwa upepo unazima kiberiti, akaanza. Kufikia saa ya kulala alikuwa amemaliza kumi na saba.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule. Moshi ulianzia usawa wa taa, ukashuka taratibu mpaka usawa wa meza, na hapo mezani ndipo binti yao wa miaka saba alipofanyia kazi za shule. Walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Mwaka ule sentensi zake zilikuwa zimeanza kufupika. Mwanzoni wazazi wake walidhani anakua.

Hospitalini, fundi wa eksirei alimsimamisha mtangazaji mbele ya ubao na kumwambia avue mkufu.

"Sijavaa mkufu."

"Mbona naona kitu kinang'aa? Kidogo tu, chekundu." Fundi akarudi nyuma ya ukuta wake. "Haya, vuta pumzi, zuia. Na yeye mwambie atulie. Picha ya kwanza ameitikisa."

Daktari aliitundika filamu kwenye kioo chenye taa. Katika pafu la kulia, kati ya ubavu wa tano na wa sita, aliketi mwanamume mwenye urefu wa kidole, mguu mmoja juu ya mwingine, sigara mkononi. Kochi lilikuwa limemkaa vizuri. Kando yake palikuwa na jozi ya viatu, vimepangwa sambamba.

"Unamfahamu?" daktari akauliza.

"Baba wa mtoto wangu."

"Wewe unavuta?"

"Sijawahi hata kushika."

"Ndio hao wanaopatwa," daktari akasema, huku akiandika. "Mvutaji ana maradhi yake, tena mabaya, yana faili lake. Hawa wa kuketi huwapata walio karibu naye. Juzi nilikuwa na mhudumu wa baa. Hajavuta sigara maishani mwake. Nimemkuta na wateja arobaini na wawili, wengine wamesimama kwa kukosa nafasi."

Akamwekea mgongoni chombo cha kusikilizia, akainamisha kichwa.

"Anasikiliza mpira," akasema.

"Huwa anasikiliza saa hizi."

"Bado sare." Daktari akavua chombo masikioni. Alionekana mtu aliyechoka, ingawa zamu yake ya jioni ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. "Moyo wako nao unakwenda mbio. Hewa anayoitumia yeye ilikuwa ya damu yako."

"Mnaweza kumtoa?"

Daktari akavigusa vile viatu kwa ncha ya kalamu. "Angekuwa amevivaa, ningekwambia tujaribu. Huyu amevua. Akishavua viatu ujue amefika kwake." Akaandika mstari mwingine, kisha akainua macho. "Nyumbani kuna mtoto?"

Kesho yake Chiriku alisimamishwa mbele ya ubao uleule akiwa na sare za shule. Filamu yake ilionyesha mwanamume mdogo zaidi, amesimama, koti mwilini, akigeuza shingo huku na huku kama mtu anayetafuta nambari ya kiti chake.

"Kwa watoto huanza kwa kusimama," daktari akasema. "Huyu bado anaweza kuondoka mwenyewe."

"Nikifungua madirisha?"

"Hapana."

"Akivutia jikoni?"

"Jikoni ni ndani, mama."

"Akivuta sisi tukiwa hatupo?"

"Mtarudi mtaukuta. Moshi unakaa kwenye mapazia, kwenye zulia, kwenye nywele za mtoto huyu. Leo ni kikohozi, kesho masikio yatatoa usaha, keshokutwa pumu kamili. Avutie nje, mbali na mlango, au aache kabisa. Mimi sina dawa nyingine ya kukupa."

Jioni hiyo mtangazaji alimsubiri mumewe avue viatu, aketi. Akamkabidhi filamu mbili. Mkaguzi alitoa mfukoni lenzi yake ya kazi na rula ndogo ya chuma, akaziinua filamu kwenye taa, akapima.

"Huyu si mimi," akasema. "Mimi nina sentimita mia moja sabini na nane. Huyu hafiki saba."

"Tazama viatu."

Alivitazama kwa muda mrefu. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kipande cha mpira alichobandikiwa na fundi mwezi uliopita.

"Wamenipiga upande mbaya," akasema, akamrudishia.

"Daktari anasema uvutie nje."

"Nje kuna nini?"

"Kuna hewa."

"Mama Chiriku, nimeshinda tangu asubuhi sijavuta hata moja. Narudi kwangu, naketi kwenye kiti changu, halafu nitolewe nje kama mbwa?"

"Ofisini mbona huvuti?"

"Ofisini kuna mizani," mkaguzi akasema, kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni. "Jivu linaharibu mizani."

"Na hapa kuna mtoto."

"Mtoto hana sahani za kupimia."

Akawasha kiberiti. Kifuani mwa mkewe kiberiti kingine kikawaka, na wote wawili wakakisikia. Mkaguzi akatabasamu kidogo.

"Unanibeba kifuani," akasema. "Wanawake wengine wangejisifu."

Toka siku hiyo nyumba ikawa na vita. Mtangazaji alivitupa visahani vya majivu. Mkaguzi akatumia visosa. Mkewe alivificha visosa, mkaguzi akazima sigara ndani ya kikombe cha mkewe, chai ikiwa bado ina moto. Alifungua madirisha, mkaguzi akayafunga. Aling'oa komeo zote kwa bisibisi akazitupa shimoni. Siku iliyofuata mkaguzi alirudi na mkoba wa kazi, akatoa waya, vipande vya risasi na koleo la kubania, akaliwekea kila dirisha lakiri ya serikali, ileile aliyoitumia kufunga mizani za wezi.

"Kukata lakiri ni kosa la jinai," akasema, akijifuta mikono. Kila lakiri ilikuwa na nambari, na nambari zote alizinakili kwenye daftari lake.

Wakaacha kusemezana. Kilichokuwa hakina budi kusemwa kilipitia kwa mtoto.

"Mwambie baba yako chakula kiko mezani."

Chiriku alikwenda hatua nne mpaka kwenye kochi. "Chakula," akasema.

"Mwambie mama yako nimeona."

Chiriku alirudi hatua nne. "Ameona."

Zamani angeongeza na yake, kwamba chakula chenyewe ni kitamu, kwamba paka wa jirani ameramba sufuria, kwamba mwalimu wao amenyoa kipara. Sasa alichagua neno moja, akalipeleka, akapumzika.

Kazini, yule wa kifuani alizidi kupata nafasi. Alisahihisha saa za treni. Aliuliza kiberiti kiko wapi. Siku moja alimkemea msichana wa tiketi, akimtaja kwa jina, kwa kupunja chenji, na ikabainika kwamba kweli alikuwa amepunja. Mkuu wa stesheni aliandika barua ya pili ya onyo, lakini hii aliiandika kwa maneno laini zaidi.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, Chiriku alikuwa amelala kifudifudi sakafuni akipaka rangi ramani. Redio ilikuwa ikitangaza mpira. Mtangazaji alikuwa akikunja nguo aliposikia sauti ya kiti kikiburutwa. Akageuka kumtazama mumewe, ila mumewe hakuwa amesogea. Sauti ilikuwa ikitoka sakafuni, ndani ya mtoto. Chiriku alikuwa ameinua kichwa, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, mabega yanapanda na kushuka, na kalamu ya kijani ingali mkononi.

Mtangazaji alimnyanyua akamweka begani kama alivyombeba alipokuwa na mwaka mmoja.

"Baba Chiriku, mtoto hapumui!"

Mkaguzi aliwatazama. Usoni pake palipita kitu, na mkewe alikiona. Baadaye alipokuwa akiwaza sana alikiri kwamba alikiona. Kwa kitambo mkaguzi alikuwa kama mtu aliyesahau amekuja chumbani kufuata nini. Kisha timu yake ikapata kona.

"Mkitoka mfunge mlango," akasema. "Upepo."

Hospitalini Chiriku aliwekewa barakoa ya mvuke wa dawa. Saa moja baadaye midomo iliirudia rangi yake, akashika kidole cha mama yake akalala. Filamu mpya ilionyesha kwamba yule mwanamume wa mtoto amevua koti, amelitundika kwenye ubavu, na amepata kigoda. Alikuwa bado hajakikalia sawasawa.

"Viatu bado amevaa," daktari akasema. "Una wiki chache, mama. Usimrudishe."

Hakumrudisha. Alitoka hospitalini akaenda moja kwa moja kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani mwenye nyumba ya mwisho wa barabara, ambako upepo uliingia mlango wa mbele ukatokea wa nyuma bila kuulizwa. Dada mkubwa hakuuliza mengi. Alizitazama filamu dhidi ya dirisha, akasonya, akamwonyesha mdogo wake mahali pa kuweka mfuko.

Walikaa huko wiki tatu. Yule wa pafu la kulia aliteseka. Wiki ya kwanza alivuta akiba yake, ya pili alivuta vipisi, ya tatu akawa anapekuapekua mbavu usiku na mchana kama mtu anayetafuta funguo. Mtangazaji alimsikia kila alipopanda ngazi. Lakini kwa Chiriku mambo yalikwenda vizuri. Filamu ya wiki ya tatu ilimwonyesha yule mwanamume amevaa koti, amekipa kigoda kisogo, amesimama chini ya koo na mkoba mkononi kama mtu anayengoja usafiri.

Siku hiyohiyo, dada mkubwa akiwa anapinda upindo wa gauni, Chiriku alianza kusimulia habari ya mbuzi aliyeingia darasani wakati wa hesabu. Alisimulia mbuzi alivyopanda kwenye dawati, alivyokula rejista kuanzia herufi A, mwalimu alivyomwita mbuzi "wewe kijana", na watoto ambao majina yao yameliwa walivyohesabiwa kuwa hawakuja shule. Alisimulia bila kutua, upindo ukaisha yeye bado hajaisha. Dada mkubwa alicheka mpaka sindano ikamchoma. Mtangazaji alitoka nyuma ya nyumba akalia, kwa sauti ya chini, maana yule wa kifuani hakupenda kelele.

Kesho yake alikuja wifi yake, dada wa mkaguzi, mwalimu mkuu wa shule fulani, mwanamke aliyezoea watu wasimame anapoingia. Hakuna aliyesimama. Akaketi mwenyewe.

"Wifi, umemtupa kaka yangu kama gunia tupu."

"Sijamtupa, wifi. Huyu hapa ninaye."

"Hebu."

Wifi alisogeza kiti, akatega sikio kifuani pa mtangazaji. "Kaka, hujambo?"

"Sijambo," ile sauti ikajibu, imedhoofu. "Sigara zimeniishia."

Wifi akanyanyuka, machozi yakimlenga. "Umesikia kwa masikio yako. Unamtesa."

"Anamtesa mwanangu."

"Mwanao yuko wapi? Huyo anayeruka kamba hapo nje? Namwona mzima wa afya."

"Ni mzima kwa sababu yuko hapa."

"Kwa hiyo mtu akae nyumbani kwake, kwa jasho lake, aombe ruhusa ya kupumua?"

Dada mkubwa alisimamisha cherehani. "Wifi yetu," akasema, "maji ya kunywa unayataka ukiwa umekaa au tukusindikize nayo?"

Wifi aliondoka bila kunywa. Baada ya siku nne ililetwa barua ya wito kutoka ofisi ya ustawi wa jamii.

Ofisa wa ustawi alikuwa mama mwenye miwani, mwenye haraka, mwenye sauti ya wema. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao kikubwa cha kukataza sigara. Mtangazaji alikuwa ameleta ombi la kutengana, barua ya daktari, na filamu zote kwa mpangilio wa tarehe. Mkaguzi alikuwa ameleta filamu moja tu, ya kifua chake mwenyewe, aliyokwenda kupigwa siku hiyo asubuhi. Ilionyesha vyumba viwili vitupu, kuta zimeingia masizi mpaka juu.

"Hakuna mtu," mkaguzi akasema. "Mimi ndiye mvutaji na kwangu hakuna mtu. Sasa hawa wasiovuta wanawapata wapi watu?"

"Tazama kuta zake," mtangazaji akasema.

"Kuta ni zangu," mkaguzi akajibu.

Ofisa aliandika yote mawili. Alisoma barua ya daktari kutoka mwanzo mpaka mwisho, kidole kikifuata mistari, akatikisa kichwa kwa huruma, akaiweka kando. Halafu akaichukua filamu ya pafu la kulia, akaigeuzia kwenye mwanga.

"Mama, hapa kuna tatizo," akasema. "Ombi la kutengana linataka wahusika wawe hawaishi pamoja. Hii picha umeileta wewe?"

"Ndiyo."

"Inamwonyesha mumeo ameketi kwako, kavua viatu. Ana kochi. Sheria inaita hayo makazi." Akagonga muhuri. "Kwa macho ya ofisi hii hamjawahi kutengana hata siku moja."

"Na mtoto?"

"Mtoto hukaa na wazazi wake mahali wanapoishi pamoja. Anwani yenu ndiyo hii hapa. Ahamie leo."

"Na moshi?"

Ofisa alipekua kitabu cha sheria, kwa bidii ya kweli, mpaka ukurasa wa mwisho. "Moshi wa nyumbani sina kifungu chake," akasema. "Ungekuwa wa ofisini, au wa kwenye basi, ningemshtaki sasa hivi, tena bila kumwonea aibu."

Mkaguzi alikuwa amefurahi. Alitoa pakiti, akaweka sigara moja mdomoni. Ofisa akanyoosha kalamu juu, kwenye kibao.

"Samahani sana," mkaguzi akasema, akasimama kwa heshima. "Sikukiona." Akairudisha sigara ndani ya pakiti, akafunga kifuniko.

Mtangazaji aliyaona hayo, na ofisa alimwona akiyaona, akashusha macho kwenye faili lililofuata.

Walirudi nyumbani jioni hiyo. Mtangazaji aliisoma hati ya ofisi mara tatu mlangoni. Ilisema "anwani"; haikusema "ndani". Alimwambia Chiriku abaki kwenye ngazi, akaingia peke yake, akatoa godoro, akalitandika barazani chini ya bati. Akatoa vyombo, jiko dogo, daftari za shule na ndoo ya maji. Mkaguzi alitoka na futi kamba, akapima kutoka ukutani mpaka ukingo wa baraza, kisha kutoka ukingo mpaka kwenye jiwe la mpaka wa kiwanja. Alipima mara mbili. Baraza lilikuwa ndani ya anwani, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli kwenye vipimo hakuweza kusema vingine.

"Mtachekwa," akasema.

Hawakuchekwa. Majirani walipita, wakasalimu, wakajibiwa. Mmoja aliwaletea chandarua. Mwingine alisema naye angependa kulala nje kwa joto lile, ila mkewe hataki. Hakuna aliyeuliza, na nyakati za jioni, madirisha yenye lakiri yalipoanza kuwa ya bluu kwa moshi wa ndani, wapita njia waligeuzia nyuso upande wa pili, kama watu wanavyofanya wakikuta mtu anaoga.

Miezi miwili ikapita hivyo. Mlango ulifungwa, lakini mlango wa mbao una nafasi chini yake, na mtangazaji aliziba nafasi hiyo kwa kanga iliyoloweshwa maji. Kila asubuhi kanga ilikuwa ya kahawia. Aliifua, akaianika, akailowesha tena. Daktari aliangalia filamu ya mwezi wa pili akasema yule wa mtoto bado amesimama, ingawa amefungua kamba za kiatu kimoja.

"Amefungua au zimefunguka?"

"Picha haisemi," daktari akajibu.

Kazini, mkuu wa stesheni alizifuta barua zote mbili za onyo. Abiria walikuwa wameandika kusifu kwamba sauti mpya ya kiume haikosei saa hata kwa nusu dakika. Alimwomba mtangazaji amwachie bwana huyo kazi ya asubuhi yote. Sasa mtangazaji alikaa mbele ya kipaza sauti, akabonyeza kitufe, akafungua mdomo, akangoja. Mchana alihisi njaa kama mtu aliyesema siku nzima.

Chiriku alifanya kazi za shule kwenye ngazi. Alizungumza tena na baba yake, kupitia mlango, kwa sababu alimpenda. Alimweleza habari za shule, naye baba yake alijibu kutoka kwenye kochi, akacheka mahali pa kucheka. Jioni moja Chiriku alimwomba atoke aje aone mwezi umezungukwa na duara. Kochi lililia. Mtangazaji akaacha kumenya alichokuwa akimenya. Nyayo zilikuja mpaka karibu kabisa na mlango, zikasimama.

"Ngoja nimalize hii," mkaguzi akasema.

Alimaliza hiyo, akawasha nyingine, na mawingu yakafunika.

Mawingu hayo hayakuondoka. Jumatano, saa kumi na mbili kasoro jioni, mvua ilianza. Ilikuja ya ubavu, pamoja na upepo, ikaingia barazani mpaka ukutani. Godoro lililowa ndani ya dakika chache. Mtangazaji alijaribu kutundika turubai, upepo ukaling'oa. Akambandika mtoto ukutani akamkinga kwa mgongo wake, na maji yakawafikia kwa chini. Chiriku akaanza kutetemeka, meno yakigongana. Radi ilipiga mahali karibu. Ilionekana wazi kuwa ile haikuwa mvua ya kupita.

Mtangazaji aliipiga teke kanga iliyoziba chini ya mlango, akafungua. Sebule ilikuwa imejaa moshi, kutoka dari mpaka mezani. Mkaguzi alikuwa kwenye ya nne. Aliwaona, akavuta miguu yake nyuma kidogo ili wapate njia.

Chiriku alisimama kizingitini. Akageuka akatazama nje, akavuta hewa ya mvua, nyingi, mpaka mashavu yakavimba, akajibana pua kwa vidole viwili, akaingia. Mama yake alimfuata nyuma, mkono kwenye bega lake, akihesabu kimyakimya.

Alifika arobaini na moja, Chiriku akavuta pumzi.